Vifo 454, 556, kisha 104: Namba za Afya ya Uzazi Zinavyopatikana na Namna ya Kuzitumia

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na vifo 454 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti uliofuata, wa 2015-16, ukatoa 556. Ule wa 2022 ukatoa 104. Mtu akizisoma mfululizo ataona kwamba akina mama walianza kufa kwa wingi zaidi, kisha ghafla mambo yakanyooka. Kwenye vikao vya bajeti ni rahisi kuzisoma hivyo, na kugawa fedha kwa usomaji huo.

Kupanda kwa mwanzo hakukuthibitishwa na utafiti wenyewe. Namba ya 2010 ilitolewa pamoja na mipaka yake ya makosa: ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 353 na 556. Ya 2015-16 ilikuwa kati ya 446 na 666. Mipaka hiyo inapishana sana, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema vifo viliongezeka, wala kwamba vilipungua. Kushuka kwa 2022 ni jambo jingine. Tofauti ni kubwa mno kuwa bahati tu ya sampuli, ingawa ukubwa wake hasa unajadilika: makisio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238.

Kwa nini namba moja ya jambo zito hivi iwe ngumu kuipata? Jibu linaanzia kwenye hesabu ndogo. Utafiti wa 2022 ulihoji wanawake 15,254 wa umri wa miaka 15 hadi 49. Wanawake wengi hivyo, kwa kiwango cha uzazi cha Tanzania, huzaa takriban watoto 2,500 kwa mwaka. Vifo vikiwa 500 kwa vizazi 100,000, kundi zima litapoteza wazazi 12 hivi kwa mwaka. Vikiwa 104, ni wawili au watatu. Huwezi kuijua nchi kwa vifo vitatu, na tena aliyefariki hayupo kujibu dodoso.

Ndiyo maana mdadisi humwuliza mwanamke kuhusu ndugu zake wa tumbo moja. Humtaka awataje wote waliozaliwa na mama yake, mmoja baada ya mwingine: jinsia yake, yu hai au amefariki, kama yu hai ana umri gani, kama amefariki ni miaka mingapi iliyopita na alikuwa na umri gani. Kwa dada aliyefariki akiwa mtu mzima huulizwa kama alikuwa mjamzito, anajifungua, au ametoka kujifungua. Kila anayejibu analeta habari za watu kadhaa, na wachambuzi hukusanya miaka saba au kumi iliyopita kwa pamoja ili vifo vitoshe kuhesabika. Hasara yake ni mbili. Namba inayochapishwa 2016 kwa kweli inaeleza muongo uliopita, si mwaka jana. Na dada aliyefariki kwa kuharibikiwa mimba changa, au kwa kuitoa kwa siri, mara nyingi ndugu zake hawakujua kama alikuwa na mimba. Kifo chake hakiingii.

Bangladesh walichagua njia ya gharama kubwa zaidi, kufuatilia vifo vya uzazi kwa utafiti maalumu wa kaya nyingi mno. Wa 2010 ulifika kwenye kaya zipatazo 175,000. Uliwaonyesha kwamba vifo vilishuka kutoka 322 mwaka 2001 hadi 194, na uliofuata wa 2016 ukatoa 196, yaani mwendo ulisimama. Nchi nyingi hazina uwezo wa kurudia zoezi la ukubwa huo.

Kwa nini daftari la kituo halitoshi

Swali la haki ni hili: kila zahanati inajaza kila siku vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya vituoni, kwa nini tugonge milango ya watu? Kwa sababu kitabu cha MTUHA kinamjua aliyekuja. Mama aliyejifungulia nyumbani, binti wa miaka 17 aliyeogopa kuomba vidonge vya uzazi wa mpango, mwanamke anayenunua sindano yake duka la dawa, wote hawaonekani. Tena ili upate asilimia unahitaji kugawanya kwa idadi ya waliostahili kuja, na idadi hiyo ni makisio yanayotokana na sensa. Makisio yakiwa ya chini, wilaya inaripoti kwamba asilimia 112 ya wajawazito walihudhuria kliniki. Kila mratibu wa huduma za mama na mtoto ameshaona namba za namna hiyo.

Vitabu vya kituo vina ubora ambao utafiti hauna: vinatoka kila mwezi na vinafika hadi ngazi ya kijiji. Utafiti hutoka kila baada ya miaka mitano au zaidi, lakini unamwona asiyekuja. Mpango mzuri unahitaji vyote viwili, na kazi kubwa ni kuvisomanisha.

Kuchagua kaya

Tanzania bara na Zanzibar hufanya zoezi hili kwa pamoja, kupitia Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, wakishirikiana na wizara za afya. Jina lake la 2022 lilikuwa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, ingawa wengi wanaufahamu kwa kifupi cha TDHS. Yalichaguliwa maeneo 629 ya kuhesabia watu, na kila eneo kaya 26. Jumla kaya 16,354.

Maeneo hayachaguliwi kwa nafasi sawa. Eneo lenye kaya 200 hupewa nafasi mara mbili ya eneo lenye kaya 100. Lakini maeneo yakishachaguliwa, kila moja linatoa kaya 26 tu, kwa hiyo kaya iliyo kwenye eneo kubwa ina nafasi nusu ya mwenzake wa eneo dogo. Ukizidisha nafasi hizo mbili unapata kitu kilekile: kila kaya ya mkoa huo ilikuwa na uwezekano sawa wa kufikiwa. Huo ndio ujanja wote wa sampuli ya hatua mbili.

Ujanja huu unavunjika orodha ikiwa mbovu. Fremu, yaani orodha ya maeneo, iliyotumika 2022 ilitoka kwenye sensa ya 2012, kwa sababu sensa mpya ilifanyika Agosti 2022, baada ya kazi ya uwandani kwisha. Katika miaka kumi shamba la mpunga huwa mtaa. Kwa hiyo kabla ya wadadisi kufika, timu nyingine hupita na kuorodhesha kaya upya, nyumba kwa nyumba, ikiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa na ramani mkononi. Timu ikichoka na kuacha nyumba za pembezoni, wanaoachwa si watu wa kawaida tu. Ni wapangaji wa chumba kimoja, wahamiaji na familia changa, yaani hasa watu ambao afya ya uzazi inawahusu.

Kaya ikishachaguliwa haibadilishwi. Wadadisi wakikuta mlango umefungwa hurudi siku nyingine na saa nyingine, kabla ya kuandika kwamba hawakumpata mtu. Kishawishi cha kuhamia kwa jirani ni kikubwa, hasa jua likiwa kali na gari linasubiri. Lakini anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi ana uwezekano mkubwa wa kuwa mjamzito au ananyonyesha, na anayekosekana yuko kazini au shuleni. Ukiwabadilisha ovyo, kiwango cha uzazi cha nchi kinapanda kwenye karatasi bila mtoto hata mmoja kuongezeka.

Baadaye huja uzani, yaani kumpa kila anayejibu uzito unaolingana na idadi ya watu anaowawakilisha. Zanzibar ina mikoa mitano kati ya 31, na kila mkoa ulihitaji sampuli ya kutosha, ingawa wakazi wake ni takriban asilimia 3 tu ya Watanzania wote. Anayepakua data na kupiga wastani bila kutumia safu ya uzani atapata Tanzania ambayo Zanzibar imevimba kupita kiasi. Kosa hili ni rahisi kulifanya, na halionekani kwa macho.

Mlangoni

Mdadisi wa wanawake ni mwanamke. Huanza kwa kumwomba mkuu wa kaya amtajie waliolala hapo usiku uliopita. Hapa ndipo msichana wa kazi hupotea, maana mwenye nyumba hutaja "familia yangu" na kunyamaza. Dodoso linamlazimu mdadisi aulize tena, waziwazi, kuhusu wasichana wa kazi, wapangaji na wageni. Asipouliza, anapotea binti wa miaka 16 anayelala jikoni, ambaye pengine ndiye aliye hatarini kuliko wote ndani ya ua huo.

Mahojiano hufanyika faragha. Mama mkwe akiketi karibu, majibu kuhusu njia za uzazi wa mpango hubadilika, kwa hiyo mdadisi aliyefundwa vizuri huhamia chini ya mwembe au husubiri. Kwa maswali ya ukatili wa kijinsia sheria ni kali zaidi: huchaguliwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, ili asiwepo mwingine ndani ya nyumba anayejua aliulizwa nini, na mtu akiingia maswali hayo hukatizwa. Binti wa miaka 15 hadi 17 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kwanza, kisha yake mwenyewe.

Kiini cha dodoso ni historia ya uzazi. Mwanamke hutaja kila mimba na kila mtoto: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, jinsia, yu hai au la, na kama amefariki alikuwa na umri gani. Kadi ya kliniki ikiwepo hutolewa. Isipokuwepo, mdadisi hutumia matukio: mwaka wa uchaguzi, mfungo wa Ramadhani, mavuno.

Makosa ya hapa yana sura zinazojulikana, na mengine hayatoki kwa anayejibu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka mitano iliyopita huleta kurasa nyingi za maswali ya chanjo, lishe na kuhara. Mdadisi mchovu anaweza kumsogeza nyuma kidogo ili avuke mpaka huo, na kazi ikawa fupi. Wafanye hivyo wengi, na kiwango cha uzazi cha miaka ya karibuni kinaonekana kushuka huku cha miaka ya kabla kikipanda. Vivyo hivyo msichana wa miaka 15 huandikwa 14, au mwanamke wa 49 akaandikwa 50, ili wasihojiwe kabisa. Msimamizi hugundua kwa kupanga vizazi kwa mwaka na kutazama kama kuna shimo upande mmoja wa mpaka na kilima upande wa pili. Vishikwambi vimesaidia, kwa kuwa takwimu hutumwa mapema na timu yenye mwelekeo huo hurudishwa darasani kazi ikiendelea.

"Hitaji lisilotimizwa" maana yake si foleni

Kati ya viashiria vyote, hiki ndicho kinachotumiwa vibaya zaidi. Utafiti wa 2022 ulisema asilimia 21 ya wanawake walioolewa au wanaoishi na mwenza wana hitaji lisilotimizwa la uzazi wa mpango. Wa 2015-16 ulisema 22. Wengi husikia kwamba mwanamke mmoja kati ya watano aliomba huduma akaikosa. Hakuna swali kama hilo kwenye dodoso.

Kinachofanyika ni hesabu. Kwanza huondolewa wanaotumia njia yoyote. Waliobaki, mjamzito au aliyejifungua ndani ya miaka miwili na hajaanza tena hedhi huulizwa kama mimba hiyo aliitaka wakati ule; akisema aliitaka baadaye au hakuitaka kabisa, anahesabiwa ana hitaji. Asiye mjamzito hutazamwa kama anaweza kushika mimba. Aliyekoma hedhi au asiyeweza huwekwa kando. Aliyebaki, akisema hataki mtoto mwingine, anahesabiwa ana hitaji la kusitisha. Akitaka kungoja miaka miwili au zaidi, ana hitaji la kupishanisha.

Ndani ya asilimia hiyo 21 yumo asiye na kituo karibu. Yumo pia aliyewahi kutumia sindano, akatokwa damu wiki tatu na hakupata mtu wa kumweleza, akaacha. Yumo ambaye mumewe anafanya kazi mbali na anarudi mara mbili kwa mwaka. Yumo anayeamini vipandikizi huziba kizazi. Kuongeza shehena bohari kunamsaidia wa kwanza tu. Kwa wengine, majibu yako kwenye jedwali jingine la ripoti hiyohiyo, lile la sababu za kuacha njia, ambalo hutokana na kalenda ya mwezi kwa mwezi ambayo mwanamke huijaza pamoja na mdadisi. Maafisa mipango wengi hawafiki ukurasa huo.

Weka namba mbili bega kwa bega uone utafiti unavyoweza kuelekeza kazi. Kati ya 2015-16 na 2022, wanaojifungulia kituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Katika kipindi hichohicho, walioolewa wanaotumia njia za kisasa walibaki palepale, 32 kisha 31. Yaani mama amefika kituoni, amelazwa, amehudumiwa, akarudi nyumbani bila kuzungumza na mtu kuhusu mimba ijayo. Hilo linaeleza wapi pa kuweka fedha: muuguzi aliyefunzwa ushauri ndani ya wodi ya wazazi, na kitanzi na vipandikizi vikiwa palepale, si jengo la pili. Sijui ushahidi mwingine wa bei nafuu kuliko huu.

Mkoa wako una asilimia ngapi?

Wanawake 15,254 wakigawanywa kwa mikoa 31 wanakuwa takriban 490 kwa mkoa. Wenye miaka 15 hadi 19 ni kama mmoja kati ya watano, karibu 100. Utafiti ukisema asilimia 45 ya wasichana hao wameshapata mimba, mipaka ya makosa kwa idadi hiyo, ukizingatia kwamba walitoka kwenye maeneo machache yaliyojikusanya, ni pungufu au zaidi ya pointi 12 hivi. Ukweli unaweza kuwa 33, unaweza kuwa 57. Mkoa huo una tatizo kubwa, hilo halina ubishi. Lakini kupanga mikoa yote kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, na kumsifu aliyetoka nafasi ya tatu kwenda ya saba, ni kuigeuza bahati ya sampuli kuwa utendaji.

Kenya, baada ya ugatuzi, iliona kwamba kaunti 47 zinahitaji namba zao na ikalipa gharama: maeneo 1,692 na kaya 42,300 mwaka 2022, huku nusu ya kaya zikipewa dodoso fupi ili kazi isilemee. Ndiyo maana iliweza kusema kwa uhakika kwamba mimba za umri mdogo ni asilimia 15 kitaifa na 50 Samburu. Wastani wa taifa ungeificha Samburu kabisa.

Maana ya kiashiria nayo hubadilika. Asilimia 27 ya 2015-16 kwa Tanzania ilihesabu wasichana waliozaa au waliokuwa wajawazito. Asilimia 22 ya 2022 imeongeza hata waliopoteza mimba. Kipimo kimepanuliwa na bado namba imeshuka, kwa hiyo kushuka kwenyewe huenda ni kukubwa kidogo kuliko kunavyoonekana. Kwa ukeketaji, tahadhari ni ya upande mwingine: asilimia 15 ya wanawake mwaka 2010, 10 mwaka 2015-16, kisha 8 mwaka 2022. Tangu 1998 kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Anayejibu analijua hilo, na aliyekeketwa akiwa mchanga huenda hakumbuki.

Kutoka asilimia hadi chupa za sindano

Tuchukulie wilaya ya watu 300,000. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 ni karibu asilimia 24, yaani 72,000. Tuseme 60 kati ya kila 100 wameolewa au wana mwenza: 43,200. Tuseme utafiti unaonyesha kwamba mkoani asilimia 12 ya hao wanatumia sindano ya miezi mitatu. Hao ni 5,184, na kila mmoja anahitaji dozi nne kwa mwaka: 20,736. Ongeza wasioolewa wanaotumia, kisha akiba ya miezi michache.

Sasa fungua mfumo wa taarifa uone dozi zilizotolewa mwaka jana. Ukikuta 9,000, usikimbilie kuandika oda ya 21,000. Tazama kwanza vituo vingapi viliishiwa na kwa wiki ngapi. Tazama jedwali la mahali wanawake walikopata njia zao, kwa maana sehemu ya sindano hutoka maduka ya dawa na haipiti kwenye vitabu vyako. Kumbuka asilimia 12 ni ya mkoa. Wilaya yako yenye vijiji vya mbali inaweza kuwa na 6. Kisha tazama mwelekeo: wanawake wakihamia vipandikizi, dozi zitaoza kabatini. Tafiti ndogo za PMA (Performance Monitoring for Action), zilizofanywa Kenya na Uganda miongoni mwa nchi nyingine, zimerahisisha hatua hii kwa kuhoji wanawake na kukagua vituo vya eneo lilelile kwa pamoja.

Jambo moja usilifanye ni kuchukua alama za ramani za maeneo ya utafiti na kupima umbali hadi zahanati. Zimesogezwa makusudi, hadi kilomita 2 mijini na 5 vijijini, chache hadi 10, ili asitambulike aliyejibu.

Februari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha mpango wake uliokuwa ukifadhili na kusimamia tafiti hizi tangu 1984, katika nchi zaidi ya 90. Wadadisi, wachora ramani na watakwimu wa Tanzania na Kenya wapo na kazi wanaijua. Kinachokosekana ni fungu kwenye bajeti ya serikali, na fungu hilo huombwa mwaka mmoja au miwili kabla, kwa sababu kuorodhesha kaya peke yake huchukua miezi. Afisa mipango anayetaka namba mpya mwaka 2028 anapaswa kuwa na andiko mezani sasa. Na akiishika ripoti ya zamani huku akisubiri, atazame alama ndogo kwenye majedwali: namba iliyo ndani ya mabano imetokana na watu 25 hadi 49, na penye nyota hawakufika 25.